Nyumba ya Ngamiani Iliyokosa Mnunuzi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja Jijini Tanga

Kuhusu maelezo haya

Kisa hiki kinahusu mume na mke wa Jijini Tanga waliohamia nyumba mpya kabla ya kuuza ya zamani, kisha wakakaa mwaka mmoja na nusu wakimsubiri mnunuzi. Kimeandikwa kwa ridhaa yao. Majina, namba ya barabara, mtaa wa nyumba mpya na kazi halisi za wahusika vimeondolewa, na tarakimu za fedha zimerahisishwa kidogo. Mume ataitwa Mzee na mke ataitwa Mama, kwa kuwa ndivyo majirani wanavyowaita. Mwandishi alishirikishwa kuanzia Oktoba 2023; yaliyotangulia aliyapata kwa kuwahoji wote wawili, kila mmoja peke yake, na pale maelezo yao yalipotofautiana imesemwa wazi.

Usuli

Nyumba ya zamani ipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na kisima kilichofunikwa. Vyumba vya mbele vina kuta za tofali, lakini sehemu ya nyuma bado ni miti na udongo uliopigwa lipu. Mzee aliinunua mwaka 1994 kwa barua ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na majirani wawili. Muuzaji alimkabidhi hati halisi, wakapeana mikono, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyekwenda ofisi ya ardhi kuhamisha jina. Muuzaji alifariki mwaka 2009.

Nyumba mpya ilianza kama kiwanja kilichopimwa, kilichonunuliwa mwaka 2014 pembezoni mwa jiji, upande wa njia ya Pongwe. Ilijengwa jinsi watumishi wengi wanavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, kupaua pale mkopo wa SACCOS ulipopatikana. Mzee alipostaafu Septemba 2022 ilikuwa na paa, lipu ya ndani na nyaya za umeme zilizosukwa ukutani. Haikuwa na dari, milango ya ndani wala sakafu.

Mpango wa awali haukuwa wa kuuza chochote. Mzee alikuwa amekadiria mafao yake kwa kanuni aliyoizoea, ambapo mkupuo, yaani fedha zinazolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, ulikuwa nusu ya mafao, na kwa hesabu hiyo fedha zingetosha kumalizia nyumba na kulipa deni. Kuanzia Julai 2022, miezi miwili tu kabla ya kustaafu kwake, kikokotoo kipya kikaufanya mkupuo kuwa 33%. Pensheni ya kila mwezi ilipanda, lakini fundi wa dari halipwi kwa pensheni ya kila mwezi. Hapo ndipo wazo la kuuza nyumba ya Ngamiani lilipozaliwa.

Mtiririko wa matukio

Januari 2023 nyumba ilitangazwa kwa shilingi milioni 160. Nilipomuuliza Mzee bei hiyo aliipataje, alitoa daftari na kunionyesha: milioni 48 za kumalizia nyumba mpya, milioni 22 za deni la SACCOS, milioni 30 za mtaji wa duka, milioni 40 za kuwagawia watoto, na milioni 20 za akiba. Jumla ni 160 kamili. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila hapakuwa na mstari hata mmoja uliohusu nyumba yenyewe.

Bei hiyo ilipata nguvu kutokana na mazungumzo ya barazani. Tangu Agosti 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lilipowekwa Chongoleani, wakazi wengi wa Tanga wamekuwa wakizipandisha nyumba zao bei kwa kutarajia wageni. Bomba lenyewe ni kilomita 1,443, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022, miaka minne na nusu baada ya lile jiwe. Fedha za mradi wa namna hiyo hufika kwa madereva, wapishi na wenye nyumba za wageni kabla ya kumfikia mwenye nyumba ya vyumba sita Ngamiani, na si lazima zimfikie.

Nyumba ilikabidhiwa kwa madalali watatu kwa mpigo, bila maandishi. Kila mmoja aliweka cha juu chake. Kufikia Machi, mtu mwenye simu Tanga aliweza kuiona nyumba ileile ikiuzwa kwa milioni 160, 168 na 175. Mteja aliyeona bei tatu hakuuliza ipi ni ya kweli. Alijiuliza nyumba ina kasoro gani.

Februari 2023 alikuja mnunuzi wa kwanza mwenye nia, mfanyabiashara aliyetaka kulipa milioni 95 taslimu kwa barua ya mauziano tu, bila habari ya kuhamisha hati. Mzee alikasirika. Dalali alimwambia, “Mzee wangu, vyuma vimekaza, mtu wa taslimu si wa kumwacha,” lakini Mzee aliona anadharauliwa.

Aprili, katikati ya masika, familia ikahama. Sababu zilikuwa mbili: mbao na saruji zilikuwa zikipungua kiwanjani usiku, na Mama alikuwa amechoka kupika chakula cha mafundi Ngamiani na kukipeleka njia ya Pongwe kwa bodaboda. Walihamia kibishi, kama watu wanavyosema: chumba kimoja kilichowekwa mlango, choo kimoja, jiko la muda kibarazani, madirisha yenye grili na nailoni badala ya vioo. Tanki la lita 2,000 lilijazwa kwa maji ya kununua. Umeme ulikuja Julai, kwa sababu malipo ya kuunganishiwa yalicheleweshwa na familia yenyewe.

Nyumba ya Ngamiani ikafungwa kwa kufuli. Mama alipendekeza wapangishe walau vyumba vya mbele. Mzee alikataa akisema nyumba yenye wapangaji haiuziki. Badala yake, Mei alikopa milioni 4.6, akapaka rangi nje na ndani na kubadilisha mabati ya ukumbini.

Juni alikuja mnunuzi wa pili, mtumishi aliyekuwa na mkopo wa benki ulioidhinishwa kwa masharti. Walikubaliana milioni 108. Mwanasheria wa benki akafanya upekuzi kwenye msajili wa hati, na jibu likarudi kwamba mmiliki anayetambulika si Mzee bali ni mtu aliyefariki mwaka 2009, na kwamba kuna malimbikizo ya pango la ardhi ya miaka tisa. Benki ikasimama. Mnunuzi alisubiri wiki saba, kisha akanunua kwingine.

Agosti alikuja wa tatu na milioni 80. Kati ya Januari na Agosti watu 19 walikuwa wameiangalia nyumba. Mama, ambaye ni mtani kuliko mumewe, aliniambia usemi wa Tanga wa “waja leo waondoka leo” ulitungwa kwa ajili ya wateja wao. Mwezi huohuo wa Agosti waliibiwa milango miwili ya mninga, mita ya maji na sehemu ya mabati mapya. Kurekebisha kuligharimu milioni 2.3.

Maamuzi ya Oktoba 2023 na sababu zake

Kikao cha familia kilifanyika kwenye nyumba mpya, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Sehemu kubwa ya kikao ilikuwa ya kumsikiliza Mama, ambaye kwa miezi kumi alikuwa hajaulizwa. Hapa maelezo ya wawili hawa yanatofautiana: Mzee anasema alimshirikisha tangu mwanzo, Mama anasema alijulishwa. Vyovyote ilivyokuwa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na benki yoyote ingeitaka ridhaa hiyo kwa maandishi. Mama alisema atasaini kwa masharti mawili: nyumba ipangishwe hadi itakapouzwa, na hati ya nyumba mpya iwe na majina yote mawili. Mzee akakubali.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumwita mthamini aliyesajiliwa. Alikadiria thamani ya soko kuwa milioni 118 na thamani ya mauzo ya haraka kuwa milioni 88. Maelezo yake yalimshangaza Mzee kuliko tarakimu: karibu thamani yote ilikuwa kwenye kiwanja, na jengo, hasa ile sehemu ya miti na udongo, lilihesabiwa kidogo sana. Anayenunua Ngamiani leo mara nyingi ananunua mahali pa kujenga fremu za maduka, na atakachofanya kwanza ni kubomoa. Rangi ya milioni 4.6 ilikuwa imepakwa kwenye kuta ambazo mnunuzi hakuzihitaji.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuiondoa nyumba sokoni kabisa hadi jina kwenye hati lirekebishwe. Mzee aliupinga sana, akiona ni kupoteza wateja wakati soko limelala. Hoja iliyomshinda ilikuwa ile ya Juni: wenye fedha taslimu waliokuja walikuwa wawili, na wote walitoa bei ya chini kwa sababu walijua nyumba haina njia nyingine, mmoja tu aliyekuja na bei nzuri alikuwa na mkopo, na aliondoka kwa sababu ya karatasi.

Kazi ya karatasi ilichukua kuanzia Novemba 2023 hadi Aprili 2024. Kwa kuwa marehemu hakuwa amefunguliwa mirathi, ilibidi warithi wake watafutwe, wakae kikao cha ukoo, wateue msimamizi, wapeleke muhtasari Mahakama ya Mwanzo na kusubiri tangazo. Mmoja wa watoto wa marehemu alidai kwanza kwamba baba yake hakuuza bali alipangisha. Barua ya mwaka 1994 ilimnyamazisha kwa nusu. Shahidi mmoja aliyekuwa bado hai, mzee wa miaka themanini na ushee, alimnyamazisha kwa nusu iliyobaki. Hata hivyo familia ilitoa milioni 1.5 kama kifuta jasho kwa warithi, jambo ambalo sheria haikulidai lakini lilifupisha safari. Baada ya hapo msimamizi alisaini fomu za uhamisho, pango likalipwa, na hati ikasajiliwa kwa jina la Mzee.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupangisha kuanzia Desemba 2023. Vyumba viwili vya mbele viligeuzwa fremu kwa shilingi 70,000 kila kimoja kwa mwezi, na vinne vya ndani vikapangishwa kwa 35,000, jumla 280,000. Mikataba ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, ikiwa na kipengele cha kuondoka kwa notisi nyumba ikiuzwa. Mpangaji wa kwanza alikuja kulalamika kwamba umeme wa elfu tano umempa uniti za kuhesabu kwa vidole. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imelimbikizwa kwa miezi yote ambayo hakuna aliyenunua umeme, na yeye ndiye aliyeibeba kwa mpigo. Alirudishiwa.

Kuhusu madalali, alibakizwa mmoja, kwa makubaliano ya maandishi ya asilimia 5 na marufuku ya kuongeza cha juu.

Matokeo

Nyumba ilirudi sokoni Mei 2024 kwa milioni 125 na iliuzwa Agosti kwa milioni 114. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara aliyelipa sehemu kwa fedha zake na sehemu kwa mkopo. Aliwakuta wapangaji na hakuwaondoa wa mbele, kwa sababu kodi ya fremu ilimsaidia kulipa rejesho la benki wakati akiandaa ramani ya jengo jipya.

Dalali alipata milioni 5.7. Kodi, mirathi, wakili, kifuta jasho na malimbikizo ya pango vilichukua milioni 7.3. Familia ikabaki na milioni 101. Deni la SACCOS lililipwa siku ya tatu. Mtaji wa duka ulipungua kutoka milioni 30 hadi 12, na mgao wa watoto ukaahirishwa, jambo lililoleta maneno ambayo hayahusu maelezo haya.

Uchambuzi

Swali ambalo Mzee aliniuliza baada ya mauzo, na ambalo kila anayesikia kisa hiki huliuliza, ni kama ingekuwa bora kuchukua milioni 95 za Februari 2023. Tulikaa tukapiga hesabu. Milioni 95 ukitoa asilimia 5 ya dalali ni milioni 90.25. Upande wa pili, milioni 101 ukiongeza kodi ya pango ya wapangaji kwa miezi tisa, yaani milioni 2.52, ni milioni 103.52. Lakini kwa miezi 18 ya kusubiri, riba ya SACCOS pekee ilikuwa 330,000 kwa mwezi, jumla milioni 5.94. Ondoa pia rangi ya milioni 4.6 na hasara ya wizi ya milioni 2.3. Kinachobaki ni milioni 90.68. Tofauti ni shilingi 430,000.

Hesabu hiyo haijaingiza kodi ambayo kisheria ingelipwa hata kwenye mauzo ya Februari, wala hatari ya kuuza kwa karatasi nyumba ambayo mtoto wa marehemu angeweza kuidai siku yoyote. Ukiviweka hivyo kwenye mizani, kusubiri kulishinda. Lakini ushindi huo si wa subira. Rangi na wizi, ambavyo ni karibu milioni 7, vilitokana na maamuzi mawili ambayo hayakuhusiana na soko: kufunga nyumba na kuitengeneza kwa macho ya mwenye nyumba badala ya macho ya mnunuzi.

Ndiyo maana nasita kukiita kisa hiki kisa cha soko lililolala. Soko lilikuwa limelala kweli; watu 19 kwa miezi minane si wengi. Hata hivyo Juni 2023, mwezi wa tano baada ya kutangazwa, nyumba ilikuwa imepata mnunuzi wa milioni 108. Soko lilifanya kazi yake, hati ndiyo iliyokwama. Soko likichangamka, kasoro ya karatasi hufichika, kwa sababu wanunuzi wa taslimu ni wengi na wanagombania. Soko likipoa, wanaobaki na uwezo wa kulipa bei halisi ni wale wenye mikopo, na mwenye mkopo haji peke yake. Anakuja na mwanasheria, mthamini na upekuzi. Kwa hiyo kipindi kibaya zaidi cha kuwa na hati yenye jina la mtu mwingine ndicho kipindi ambacho wenye nyumba wengi husema tusihangaike na karatasi kwa sasa, wateja wenyewe hakuna. Familia hii ilikuwa na miaka 29 ya kulishughulikia jambo hilo, ikiwemo 15 ambayo muuzaji alikuwa hai na angeweza kusaini kwa mchana mmoja.

Bei ya kwanza ilikosewa kwa namna inayostahili kuangaliwa, kwa sababu haikuwa tamaa. Mzee si mtu wa tamaa. Aliorodhesha mahitaji ya kweli, kila kimoja kikiwa na heshima yake, halafu akaitaka nyumba iyalipe. Nimeona hesabu ya aina hii mara nyingi kwa wastaafu, na siku zote daftari huwa safi. Tatizo lake ni kwamba kila punguzo la bei linakuwa kama kumnyang'anya mtu fulani ndani ya orodha: ukishusha milioni 20, mtoto yupi anakosa? Mthamini alisaidia si kwa usahihi wa tarakimu yake tu, bali kwa kuitenga bei na orodha ile.

Kuhama kabla ya kuuza, ambako ndugu wengi walikulaumu, kwa maoni yangu hakukuwa kosa. Wizi wa vifaa kiwanjani ulikoma siku waliyolala pale, na kazi ya kumalizia ilikwenda kwa mpangilio mzuri kwa sababu aliyeishi ndani ndiye aliyeamua. Mama alipanga kwa matumizi: karo na choo kwanza, kisha jiko, kisha grili zote, kisha sakafu ya saruji ya kupigwa niru. Marumaru, dari ya gipsamu na geti viliwekwa mwisho wa foleni, na mafundi walilipwa kwa hatua iliyokamilika, si kwa siku. Kufikia Agosti 2024 walikuwa wametumia milioni 17 kutoka kwenye pensheni na vicoba vya Mama, na nyumba ilikuwa inakalika. Ile milioni 48 ya daftarini ilikuwa bei ya nyumba iliyokwisha kabisa, na hakuna mtu anayehitaji nyumba iliyokwisha kabisa ili alale.

Kupangisha kulikuwa na faida ndogo ya fedha na kubwa ya ulinzi. Tangu wapangaji waingie hakikuibiwa hata kitasa, mvua ya masika ya 2024 ilipopenyeza ukuta wa nyuma kulikuwa na mtu wa kupiga simu siku hiyohiyo, na fremu mbili zenye biashara zilimwonyesha mnunuzi kitu ambacho maneno ya dalali hayakuweza kumwonyesha. Hofu ya Mzee kwamba wapangaji wangefukuza wateja haikuwa ya bure. Mikataba ya mwaka mzima, ambayo wenye nyumba wengi huipenda kwa sababu ya kodi ya mkupuo, ingeweza kuleta hasa tatizo alilolihofia. Miezi mitatu mitatu iliwapunguzia fedha za mkononi lakini ikawaachia mlango wazi.

Jambo moja halikwenda vizuri hata baada ya Oktoba, na nina sehemu yangu ndani yake. Nilishauri bei ya milioni 125 nikidhani nafasi ya kupatana itahitajika. Ilihitajika, lakini miezi mitatu ya mwisho ilipotea kwa wateja walioisoma bei na kupita. Thamani ilikuwa imeshajulikana kuwa 118. Tungeweza kuanza na 120, na riba ya SACCOS ya miezi miwili ingebaki mfukoni mwao.

Maombi ya hati ya kiwanja kipya yaliwasilishwa Septemba 2024, kwa majina mawili. Mama aliipiga picha stakabadhi kabla ya kuiacha iwekwe kwenye faili la Mzee.